Hita Isiyokula Umeme

Jumatatu, 6 Mei

Umeme umekatika saa kumi na dakika tano alasiri, nikiwa na sabuni kichwani. Si mtaa mzima. Nyumba yetu tu. Swichi kuu iliyo chini ya ngazi imejiangusha tena, kama ilivyojiangusha Ijumaa, Alhamisi na Jumatano. Nimeshuka na taulo, povu machoni, kwenda kuiinua. Nimemkuta Fundi Cherehani wa chumba cha chini keshafika, tepu shingoni, mkono kiunoni. Akaniuliza, Bwana Nukta, umehamia ukumbini? Ndiyo jina wanaloniita humu ndani, kwa sababu nasahihisha prufu, kurasa za majaribio, kwenye kiwanda cha uchapaji. Wanadhani ni tusi.

Bibi mwenye nyumba amebandika tangazo ukutani. Jumamosi saa nne asubuhi, kikao. Kaya nne tunatumia waya mmoja unaoingia, na atakayethibitika kuzidisha mzigo atahama mwisho wa mwezi.

Nimelisoma mara mbili. Sijasikia raha kama hiyo kwa miaka. Maana mkosaji namjua. Ana pasi mbili, cherehani ya mota, na chumba chenye dirisha kubwa la kaskazini, chumba pekee katika nyumba hii kinachostahili vitabu vyangu elfu moja na mia mbili. Sasa hivi vitabu hivyo vinaishi chini ya kitanda, juu ya kabati na, kama mke wangu anavyopenda kusema, katikati ya ndoa yetu. Kitabu changu mwenyewe, cha kuupiga vita uvivu wa kufikiri, kimekwama sura ya pili kwa miaka tisa. Sababu ni meza. Pale chini meza ingeenea.

Mjane yule wa cherehani apate chumba kingine. Vyumba havijaisha duniani.

Kinachohitajika ni ushahidi. Na ushahidi ninao mfukoni. Jana shemeji, mdogo wa mke wangu, alikuja kula. Ni fundi umeme, na hulitaja jambo hilo mara nyingi kuliko lazima. Aliacha mkoba wake mlangoni. Ndani mlikuwa na klampu: kifaa cha manjano chenye taya kama za kaa. Unabana waya, na kioo chake kinakuonyesha umeme kiasi gani unapita humo, bila kukata wala kuchubua kitu. Nimekiazima pamoja na kijitabu chake, wakati ananawa mikono. Sikutaka kumsumbua kwa kumwambia.

Jumanne, 7 Mei

Shemeji amempigia mke wangu simu mara tatu. Haoni klampu yake. Amekwama kazini. Mke wangu ameniuliza kama nimeiona. Nimemjibu kwamba mtu asiyejua vifaa vyake viko wapi hafai kupewa nyaya za watu.

Nimekisoma kijitabu cha maelekezo kazini, kati ya prufu za kalenda na prufu za kadi za harusi. Aibu tupu. Aliyekiandika hajawahi kumheshimu msomaji hata siku moja. Kuna sentensi ameirudia mara tatu katika ukurasa mmoja, kwa herufi nene, ndani ya kisanduku, kana kwamba anazungumza na kiziwi. Huo ndio uvivu wa kufikiri ninaoupigia kelele. Nimechukua kalamu nyekundu nikazifuta zote tatu. Ukurasa umepumua. Kwa jumla nimepunguza kijitabu kwa theluthi moja na hakijapoteza kitu.

Jioni nimeanza majaribio. Nimebana waya wa feni, klampu imesoma 4.7. Nimebana waya wa taa ya mezani, 4.7. Nimebana mguu wa kiti, 4.7. Nimebana kidole gumba cha mke wangu, 4.7. Nimekaa chini. Ina maana nyumba nzima imejaa umeme wa wizi unaotembea hadi kwenye mbao, na serikali imenyamaza. Nimeshaandika aya mbili za barua kwa gazeti. Mke wangu kanyakua kifaa, kabonyeza kitufe cha pembeni, namba zikashuka. Amesema kitufe hicho huigandisha namba isibadilike, hata mdogo wake hukibonyeza akiwa juu ya ngazi.

Nimezichana aya zote mbili. Nilikuwa nimeshalijua hilo la kitufe.

Jumatano, 8 Mei

Siku kubwa.

Nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya jino. Saa nne nilikuwa chini ya ngazi, mbele ya ubao wa swichi, kifuniko nimekitoa. Nyaya zinatoka pale moja moja, nyekundu upande huu, nyeusi upande ule, na kila chumba kimeandikwa kwa chaki. Nimezungusha kitufe hadi kwenye alama ya ampea, kipimo cha umeme unaopita, nikabana waya mwekundu wa chumba cha chini.

9.2. Tisa nzima na ushee. Mwanamke mmoja!

Katokea mlangoni na sindano mdomoni, akauliza kupitia pembe ya mdomo nimemkaba nani. Nimemwambia napima. Akasema basi nipime vizuri, maana ana majoho arobaini ya wauguzi wanaohitimu Jumapili, yote meupe, yote ya kupigwa pasi, na umeme ukikatika mara moja anapoteza nusu saa. Kazi hii ikiharibika, akasema, chuo hakimpi nyingine, na bila chuo hawezi kukaa hapa. Nimeandika yote hayo. Mshtakiwa amekiri ana mzigo.

Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nimepanda juu kujipima mwenyewe. Hita yangu ya maji naijua. Niliinunua kutoka nyumba ya wageni iliyofungwa. Ina ukubwa wa pipa na waya mnene kama bomba la bustani. Kuna watu humu ndani, na mmoja nimemwoa, wanaonong'ona kwamba hita hiyo ndiyo inayoangusha swichi, eti kwa sababu swichi huanguka ninapooga. Nimeiwasha. Nimesubiri ianze kunguruma. Nimeubana waya ule mnene, wote, kwa taya zote mbili.

0.00.

Nimefungua, nikabana tena. 0.00. Nimegeuza kifaa juu chini. 0.00.

Nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Miaka mitatu naoga kwa hofu na haraka kama mwizi, nikisikiliza ngazi, na kumbe hita yangu haili hata chembe. Nimemwita mke wangu aje kushuhudia. Ameuliza maji yanapataje moto sasa. Nimemwambia asibishane na kioo.

Kwa kuwa haili kitu, nimeiacha ikiwaka. Haitazimwa tena.

Alhamisi, 9 Mei

Swichi imeanguka mara sita leo. Sita! Kinyozi wa chumba cha kati alikuwa katikati ya kichwa cha mteja mashine iliponyamaza. Mteja kakaa saa nzima akiwa amenyolewa nusu ya kichwa, kofia mkononi, akilaani kila mtu.

Nimekaa nyumbani, jino bado. Nimetengeneza jedwali. Nimeoga saa mbili na nusu, swichi imeanguka saa tatu kasoro dakika kumi. Nimeoga saa tano, imeanguka saa tano na robo. Nimeloweka miguu saa saba, imeanguka saa saba na dakika ishirini. Jedwali linazungumza lenyewe. Mwanamke yule husikiliza mabomba. Akisikia maji yanateremka, anachomeka pasi zote mbili ili lawama zije kwangu. Sijawahi kuona hila iliyopangwa kwa utulivu kiasi hicho, na nimesoma historia ya falme saba.

Mke wangu amelisoma jedwali akauliza kama nimewahi kufikiria kwamba hita inapojaa maji baridi ndipo inapofanya kazi zaidi. Nimemwonyesha daftari, 0.00, tarehe na saa, sahihi yangu chini. Akarudi jikoni. Nimemsikia akizungumza na sufuria.

Shemeji kapiga tena. Ameazima klampu ya mwenzake na imempotezea siku. Anasema mlangoni kwetu ndipo alipoiona mara ya mwisho. Mtu huyu hana adabu ya simu.

Ijumaa, 10 Mei

Kuanzia asubuhi nimesikia harufu ya mkaa. Fundi Cherehani amechoka kusubiri umeme, ameazima pasi ya mkaa. Nimefurahi, kwa sababu pasi ya mkaa ni kukiri kushindwa. Saa nane kapanda ngazi na joho moja mkononi. Begani kuna doa la masizi, refu kama kidole. Ameshalifua mara mbili.

Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na hoja tano na nukuu mbili. Hakunipa nafasi. Amekaa kwenye kiti bila kukaribishwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema, kaka, sikuja kugombana. Akaomba tupangiane saa. Nimwambie ninawasha nini na saa ngapi, yeye atapiga pasi saa nyingine, hata alfajiri, mpaka majoho yaishe. Kisha kila mtu aseme atakalo kwenye kikao.

Nimemweleza kwa upole kwamba upande wangu hakuna cha kupanga. Hapa hakuna kinacholiwa. Nimempa daftari. Amelisoma ukurasa mzima, polepole, kidole chini ya mstari. Akauliza sifuri hii ni ya ile hita kubwa? Nikasema ndiyo. Akauliza na maji yanachemka? Nikasema yanachemka. Akalifunga daftari, akanirudishia.

Wakati wa kuondoka kaona vitabu chini ya kitanda. Akasema marehemu mumewe naye alikuwa msomaji. Chumba cha chini alikichagua yeye, kwa ajili ya lile dirisha, alipokuwa bado anaona kidogo.

Nimekohoa. Nimekaa na kile kikohozi kwa dakika kama kumi. Mke wangu alikuwa mlangoni, amekunja mikono, akanikumbusha nani aliyetushonea mapazia haya bila kutaka hata uzi. Nimemwambia mapazia ni jambo moja na ukweli ni jambo jingine, na dunia imeoza kwa sababu watu huchanganya mambo hayo mawili. Sauti yangu ilipanda. Jirani wa nyumba ya pili kafunga dirisha.

Hotuba ya kesho ni kurasa kumi na moja. Nimeipiga chapa.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika kwa hasira, mwandiko usamehewe.

Tumekutana ukumbini saa nne. Bibi mwenye nyumba alikuwa kwenye kiti cha plastiki, fimbo mapajani. Kinyozi kaja na aproni. Fundi Cherehani kaja na macho mekundu, bado ana majoho kumi na mawili. Nimesimama mbele ya ubao wa swichi, klampu mkononi, nikafungua ukurasa wa kwanza. Ndipo Bibi akasema tumsubiri fundi wake wa umeme. Akaingia shemeji.

Ameitazama klampu. Ina utepe wa bluu kwenye mpini, ameufunga mwenyewe. Akanitazama mimi. Akasema, shikamoo, shemeji. Kwa sauti laini kabisa. Bora angenipiga.

Nimeendelea. Mwanaume hakimbii hotuba yake. Ukurasa wa tatu Bibi kauliza umeme unaingia ukurasa wa ngapi. Nimeruka hadi vipimo. Nimebana waya wa chumba cha chini mbele ya wote, 9.4. Minong'ono. Nimewapandisha wote hadi bafuni kwangu, hita inanguruma, nimebana ule waya mnene. 0.00. Nimemzungushia Bibi kioo akisome mwenyewe. Nimegeuka kumtazama Fundi Cherehani na, nakiri, nilitabasamu.

Shemeji hakubisha. Amemwomba Fundi Cherehani alete pasi yake, akaichomeka kwenye soketi yangu. Ikapata moto. Akaigusa kwa kidole kilicholowa, ikalia chwaa. Kisha akaniomba, tafadhali shemeji, niubane waya wa pasi vilevile nilivyobana wa hita. Kwa mikono yangu mwenyewe.

0.00.

Fundi Cherehani kauliza kama na yeye sasa anapiga pasi bure. Kinyozi kacheka hadi kashika ukuta. Bibi hakucheka, aligonga fimbo sakafuni na kumwambia shemeji aeleze.

Ameeleza, huku akinitazama mimi tu. Ndani ya waya ule mnene kuna nyaya mbili. Kwa mmoja umeme unakwenda, kwa wa pili unarudi. Ukizibana zote pamoja, umeme wa kwenda na wa kurudi unafutana, na klampu haioni kitu. Ubane mmoja peke yake. Kule chini ya ngazi nilipata namba ya kweli kwa sababu nyaya zimetoka moja moja. Huku juu nimebana mbili. Akaongeza kwamba kijitabu kinasema hivyo. Bibi akataka kijitabu.

Ilibidi nikitoe mfukoni. Bibi amefungua ukurasa wenye kisanduku, akausogeza kwenye mwanga, akasoma kupitia wino wangu mwekundu: Bana waya mmoja tu. Akashuka mistari mitatu: Bana waya mmoja tu. Chini kabisa: Bana waya mmoja tu. Akauliza nani amezifuta. Nimeisukuma kalamu yangu nyekundu ndani zaidi mfukoni. Kinyozi alikuwa ameketi chini.

Shemeji kafungua kifuniko cha swichi ya hita, kavuta waya mwekundu nje kwa uangalifu, kaubana peke yake. 13.1. Peke yake hita inakula kuliko pasi mbili na cherehani, na swichi kuu ya nyumba nzima inavumilia ishirini na tano. Vikiwaka vyote pamoja, na friji ya Bibi, na mashine ya Kinyozi, inaanguka. Na tangu Jumatano, akasema mke wangu kutoka mlangoni bila kuulizwa, haijazimwa.

Mke wangu. Mwenyewe.

Bibi amesema tangazo ni tangazo. Anayezidisha mzigo anahama. Nimetazama vitabu vyangu kupitia mlango. Elfu moja na mia mbili.

Na hapo ndipo nilipotukanwa kweli. Fundi Cherehani amesema tumwache. Amesema hawezi kumwona mama wa juu anabeba godoro kwa ajili ya beseni la mumewe. Izimwe hita, yatosha. Amenisamehe! Mbele ya kinyozi! Bibi akafikiri, akakubali, kwa sharti: swichi ikiangushwa na hita hiyo mara moja tu, hata mara moja, nafungasha siku hiyohiyo. Shemeji ameirudisha mahali pake swichi ya hita, akaizungushia utepe wa bluu mara nne. Kaondoka na klampu yake.

Hadi saa kumi na mbili jioni cherehani ya chini haikunyamaza hata mara moja. Nimeoga maji baridi.

Jumapili, 12 Mei

Baridi. Kichwa kinauma. Hakuna anayenisemesha isipokuwa mke wangu, naye kwa maneno mawili mawili.

Asubuhi gari la chuo limekuja kuchukua majoho. Arobaini yote. Lile lenye doa ameligeuzia bega ndani, akalitia ukosi mpana, huwezi kujua. Wasichana wameimba ukumbini. Nimefunga mlango.

Nimeufikiria mkasa huu kwa utaratibu, kama msomi, bila jazba. Wanaona wameshinda. Lakini hebu tuyachukue maneno ya shemeji kama yalivyo, maana yameshuhudiwa na watu wanne. Umeme unakwenda kwa waya mmoja. Unarudi kwa waya wa pili. Uliokwenda na uliorudi ni sawasawa, ndiyo maana unafutana.

Sawasawa!

Basi nimetumia nini? Nimeazima ampea kumi na tatu nukta moja, nimerudisha kumi na tatu nukta moja. Hakuna kilichobaki kwangu. Sifuri yangu haikuwa kosa la kipimo. Ilikuwa hesabu kamili, na wao, kwa ujanja wa kubana upande mmoja tu, wamesoma nusu ya kitabu wakatoa hukumu. Huo ndio hasa uvivu wa kufikiri. Hii ni sura ya tatu ya kitabu changu. Imejiandika yenyewe kabla ya chakula cha mchana.

Nimemsomea mke wangu. Alisikiliza hadi mwisho. Baadaye katoka, karudi na maboksi matupu manane kutoka dukani, ameanza kuyapanga sebuleni. Nimemuuliza ni ya nini. Amesema ananijua.

Jumatatu, 13 Mei

Nimetoka kazini mapema, jino. Kikohozi kimeshuka kifuani. Mtu wa umri wangu hawezi kuishi kwa maji baridi ili kuwafurahisha watu waliosoma nusu.

Saa kumi kasoro dakika tano nimeubandua utepe wa bluu, mizunguko yote minne. Nimeiwasha hita. Imenguruma kama rafiki wa zamani. Sifuri inakwenda, sifuri inarudi. Chini nasikia cherehani. Ana kazi mpya, nadhani ni sare za kwaya, na pasi inanuka nguo mbichi. Kinyozi ana mteja. Apige pasi tu. Mimi situmii kitu.

Saa kumi na dakika saba. Maji yamepata moto. Nimejipaka sabuni kichwani.

Saa kumi na dakika tisa. Feni imesimama. Cherehani imenyamaza katikati ya mshono. Kinyozi kaita jina langu, kwa urefu. Mke wangu amevuta boksi la kwanza hadi kando ya kabati, bila haraka. Kuna mtu anapanda ngazi, na kila baada ya hatua moja naisikia fimbo.

Povu linaingia kwenye daftari. Naandika haraka kwa ajili ya kumbukumbu: yule mwanamke wa chini kachomeka pasi zote mbili tena. Hajajifunza kitu.